Mgeni Ndani ya Kompyuta Yangu

Watu huonea wivu gari la jirani au ng'ombe wa shemeji. Mimi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, niliionea wivu programu ya kompyuta. Ilikuwa programu ya kutafutia spea katika stoo, na aliyeiandika alikuwa ameshahamia Nairobi kabla sijaajiriwa. Sikuwahi kumtia machoni. Nilimjua kwa sifa zake tu, na sifa zenyewe zilinitosha.

Duka letu liliuza vifaa vya uvuvi: nyavu, maboya, kamba, injini za mashua na spea zake. Lilikuwa jengo la mabati karibu na reli, ukiteremka kuelekea bandari ya Kisumu. Wavuvi na mawakala walitoka Port Victoria, Usenge na Homa Bay, wengine wamebeba kipande cha injini kilichovunjika ndani ya mfuko wa nailoni, wanataka kingine kama hicho, na wanakitaka sasa hivi. Mwenye duka alikuwa mzee Mwislamu mzaliwa wa pale pale mjini, ambaye babu yake aliletwa Kisumu na kazi ya reli. Sote tulimwita Mzee. Rafu za stoo zilifika darini, na bila kompyuta hungepata hata boliti moja.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, pana kama kabati la vyombo, yenye herufi za kijani na disketi kubwa za kupinda. Ilikaa juu ya meza ya mtunza stoo. Mtunza stoo alikuwa msichana mrefu wa upande wa Pap Onditi, kule Nyakach, mwenye mazoea ya kuchomeka penseli nyweleni kisha kuitafuta mezani. Alipanga chumba mtaa wa Nyalenda, na mimi pia nilipanga Nyalenda, na maji tulichota mfereji mmoja. Nilimpenda wiki ya kwanza. Sikumwambia. Nilimwita Madam, kama watu wa ofisi wanavyoitana, nikangoja siku nitakayopata ujasiri.

Kila asubuhi aliiwasha ile mashine. Ilikoroma kidogo, ikatulia, halafu kwenye kioo yakatokea maneno ya Kijaluo: *Oyawore, nyar Nyakach. Bed piny.* Yaani, habari ya asubuhi, binti wa Nyakach, keti. Naye ndipo alipoketi. Nilimwona mara nyingi akisimama kando ya kiti, mkoba ungali begani, akingoja aambiwe. Alipoambiwa alitabasamu.

"Fundi alikuwa na heshima," alisema siku ya kwanza, aliponiona nimekodoa macho. "Hata mashine aliifundisha."

Sasa, asiyetujua aelewe jambo hili. Kwetu mwanamke kuitwa kwa mahali alikozaliwa ni kawaida kabisa. Muuza omena, dagaa wa ziwa letu, atamwita hivyo, na kondakta, na mama mkwe. Hakuna kosa ndani yake, na hapo ndipo roho iliponiuma. Laiti yule bwana angeandika neno la mapenzi, ningekuwa na kitu cha kunung'unikia. Aliandika neno ambalo mtu yeyote angeweza kulitumia, na kwa kulitumia yeye kwanza, kila siku, saa mbili kasoro, akaninyang'anya mimi. Ningemwitaje nyar Nyakach wakati mashine imeshamwita kabla sijafungua mdomo? Ningeonekana ninaiga kompyuta.

Wote walimwita Fundi. Mimi niliyesomea hiyo kazi, niliyekuja na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki, niliitwa "huyu wa kompyuta mpya". Mara moja moja Fundi alipiga simu kutoka Nairobi kumsalimia Mzee, na Mzee akimaliza alimpitishia simu mtunza stoo. Sikusikia alichoambiwa. Nilisikia kicheko tu, cha upande huu, kirefu, cha mtu aliyesahau kwamba wengine wana kazi. Nilijitia hamnazo, nikagonga kibodi yangu kwa nguvu hata bila kuandika kitu.

Niliajiriwa kwa sababu mashine ya zamani ilikuwa inakata roho. Wadudu wa ziwa, wale wadogo wanaopanda juu kama moshi na kushuka mjini kufuata taa, walikuwa wameingia kwenye matundu ya disketi mpaka vichwa vya kusomea vikawa na uji mweusi. Spea zake hazikupatikana tena. Mzee alinunua kompyuta mpya, na mimi nilidhani, kama ambavyo kijana yeyote angedhani, kwamba nitaandika programu mpya ya stoo. Nilikuwa nimeshaanza kuichora kichwani. Ingekuwa na rangi. Ingekuwa yangu, na kila asubuhi angeiwasha yeye.

"Hapana," Mzee alisema. "Mwanangu, stoo hii yote imepangwa na yule kijana. Kila rafu, kila sanduku, namba zake yeye. Ukileta mambo yako nitapanga upya mpaka lini? Mhamishe tu."

Alisema mhamishe, kana kwamba tunazungumzia mtu mwenye godoro na sufuria.

Basi nikawa mtu wa kumhamisha mpinzani wangu na kumkaribisha ndani ya kompyuta yangu. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi alinipa disketi yenye programu iliyojua kujifanya mashine ya zamani. Unaiwasha ndani ya kompyuta mpya, inatenga kipande cha kumbukumbu na kusema: hapa ndani ni mashine ya kale. Programu ya zamani ikiwekwa humo haijui kwamba imehama. Inafanya kazi zake ikidhani iko kwake. Lakini kazi moja rafiki yangu hakuifanya, aliniachia mimi. Mashine ya zamani ilikuwa na maelekezo yake ya mwanzo, yaliyochomwa ndani ya chipu, na kati ya hayo kulikuwa na jedwali. Jedwali hilo ni kama safu ya milango: huu wa kusoma kibodi, huu wa kuandika kwenye kioo, huu wa kufungua disketi. Kabla hujamwamsha mgeni, lazima uliweke lile jedwali ndani ya kumbukumbu, na pale mwanzoni kabisa uweke kibao kinachoonyesha liko wapi na nafasi ya mgeni inaishia wapi. Ukimwamsha bila hayo, anafungua macho, ananyoosha mkono kushika mlango, na hakuna mlango. Anakufa kimya kimya. Hakuna hata ujumbe wa kosa.

Mjaluo haelezwi jambo hili mara mbili. Ukiingia lango la boma letu huhitaji kuuliza nyumba ya mke wa kwanza iko wapi. Iko mbele yako, mkabala na lango, na mgeni kutoka mbali anaiendea moja kwa moja. Nyumba nyingine ziko kulia na kushoto kwake. Nilipoisoma ile kazi nilisema, hii naijua tangu utotoni.

Wakati mashine ya zamani bado inapumua nilivuta programu ya Fundi na orodha zake zote kwa kebo, kipande kwa kipande. Yaliyokuwa kwenye chipu sikuyavuta. Ningeweza. Nilikataa. Nilisema maelekezo ya mwanzo na jedwali nitaandika mimi mwenyewe, kwa sababu katika kazi nzima hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo ingekuwa yangu. Wiki moja baadaye mashine ya zamani ilitoa moshi mwembamba wenye harufu ya mpira, ikazimika, na mtunza stoo akaifunika kwa kitambaa cha meza kama tunavyomfunika marehemu. Asubuhi iliyofuata aliketi bila kuambiwa.

Ikaja zamu ya kumpangia mgeni nafasi. Kompyuta mpya ilikuwa na kumbukumbu tele, ningeweza kumpa yote aliyoizoea na ibaki nyingine. Lakini nilipofika hapo wivu ulinipanda. Kwa nini huyu akae kwa kujinyoosha? Ameshakaa kwenye midomo ya watu wote wa duka hili, sasa anataka na kumbukumbu yangu? Jedwali, ambalo kwake lilikuwa juu kabisa, mwisho wa kumbukumbu, mimi nililiteremsha likawa chini sana, na kwenye kibao cha mwanzoni nikaandika kwamba nafasi yake inaishia hapo. Mzee alipouliza nilimwambia ninahifadhi nafasi ya kazi za baadaye. Mtu akinipa ile kazi leo, na yule yule mgeni, sina hakika nisingembana tena.

Tuliiwasha asubuhi ya Jumatatu. Ilianza vizuri. Mtunza stoo alitafuta kamba, ikamwonyesha rafu ya kamba. Akatafuta maboya, akapata. Halafu akaja bwana mmoja kutoka Port Victoria na pini ya propela iliyokatika vipande viwili, na mtunza stoo akaingia upande wa injini, ambao orodha yake ndiyo ndefu kuliko zote. Kioo kikasimama. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

"Imelala," alisema.

"Haijalala, inafikiri," nilisema.

"Ya Fundi haikuwa inafikiri. Ilikuwa inajibu."

Niliizima nikaiwasha. Kamba, sawa. Maboya, sawa. Injini, ikafa. Ikawa hivyo kesho yake na siku zilizofuata. Watu wa injini walijaa kwenye kaunta, na bwana wa Port Victoria alirudi na pini yake kwenye mfuko wa shati akanitazama kama mtu niliyemwibia mashua. Mzee alivumilia kadiri alivyoweza, halafu akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Kijana, wateja wangu wamesimama hapa kama watu wa matanga. Kama haujaweza, sema tu, si aibu. Nitampigia Fundi aje wiki moja atuwekee mwenyewe."

"Aje tu, Mzee," mtunza stoo alidakia. "Hata mimi nitafurahi kumwona."

Alilisema bila kuinua macho, penseli nyweleni, akihesabu boliti kwenye bakuli. Kufukuzwa kazi ningevumilia. Lakini nilimwona yule bwana akiingia mlangoni na shati safi la Nairobi, anaketi kwenye kiti changu, anarekebisha kwa vidole viwili, na jioni wanatembea pamoja barabara ya Nyalenda huku anamsimulia maisha ya mjini. Nilijua kabisa kwamba akija, mimi basi tena. Sikula mchana huo. Nilikaa kwenye ile kompyuta nikaifuatilia programu yake hatua kwa hatua, kwa hasira, kama mtu anayefuata nyayo za mwizi.

Nikamshika. Programu ya Fundi haikuwa inasoma kibao! Nimeandika wazi pale langoni kwamba nafasi yako mwisho wake ni hapa, nayo inapita bila hata kugeuza shingo. Orodha ikiwa fupi hakuna shida. Orodha ya injini ikifunguliwa inavimba, inapanda, inavuka mpaka niliouweka, na inakanyaga jedwali langu lote la milango. Baada ya hapo ukibonyeza kibodi, mlango wa kibodi haupo, umezikwa chini ya majina ya pini na plagi. Nilifurahi mno. Hatimaye nilikuwa nimepata kosa lake, na lilikuwa kosa la adabu, yeye ambaye alisifiwa kwa heshima.

"Madam, njoo uone," niliita. "Huyu Fundi wenu haulizi. Nimemwandikia mlangoni mwisho wake ni wapi, hata hasomi. Anaingia tu mpaka jikoni."

Alikuja akainama karibu na bega langu. Nilinusa sabuni ya kufulia kwenye sweta yake. Nilimweleza yote, nikionyesha kwa kidole, na alinisikiliza vizuri, maana alikuwa mtu wa kuelewa haraka.

"Kwani kule kwake mwisho ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Juu kabisa."

"Na wewe umemwekea wapi?"

Nilionyesha.

"Ai, Bwana! Sasa yeye aulize nini? Alikuwa kwake, na kwake alipajua. Ni wewe umembana. Unahamisha nyumba ya mke wa kwanza unaiweka kando ya lango, halafu unashangaa mgeni ameikanyaga?"

Nilikuwa nimemweleza mimi mwenyewe, siku za nyuma, ule mfano wa boma, nikijiona mtaalamu. Sasa ananirudishia.

Sikuwa na njia nyingine. Ama nimpe nafasi yake yote, au aje mwenyewe kuichukua. Nililipandisha jedwali mpaka juu kabisa, pale pale lilipokuwa kwenye mashine ya zamani, mlango kwa mlango, kwa mpangilio ule ule alioutumia yeye. Hata sehemu niliyosema itakuwa yangu, ikawa nimeiweka alipopachagua mtu mwingine. Nikarekebisha kibao. Nikamwamsha mgeni. Kamba, maboya, halafu nikamwambia bwana wa Port Victoria asogee, nikaingia upande wa injini mwenyewe. Orodha ikafunguka, ikateremka, ikaendelea kuteremka. Pini yake ilikuwa rafu ya nyuma, sanduku la tatu. Aliibusu ile pini mbele za watu.

"Umeweza," Mzee alisema, na akaenda zake bila kutaja Nairobi.

Furaha yangu ilidumu mpaka kesho yake asubuhi. Mtunza stoo alifika, akaiwasha kompyuta mpya mwenyewe kwa mara ya kwanza, maana siku zote za matatizo niliiwasha mimi, akasimama kando ya kiti, mkoba begani. Kioo kilimpa orodha ya kazi moja kwa moja: tafuta, ongeza, punguza. Alingoja. Nilimwona anangoja.

"Mbona hainisalimu?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa. Zile salamu hazikuwa ndani ya programu kamwe. Fundi alizichoma kwenye chipu, pamoja na maelekezo ya mwanzo, pamoja na jedwali, katika ile sehemu niliyokataa kuivuta. Mashine ilizisema kabla programu yoyote haijaamka, na zilikufa na mashine. Salamu sasa zilikuwa juu yangu. Katika kumbukumbu, baada tu ya jedwali, kulikuwa na nafasi ya kutosha mstari mmoja, na chochote ambacho ningeweka hapo ndicho angesoma kila asubuhi kabla ya kuketi.

Ungedhani ningeshukuru. Mtu ambaye miezi mingi ametafuta neno la kumwambia msichana, anapewa mstari mzima. Nilikaa nao siku nzima. Niliandika KARIBU KAZINI, kwa herufi kubwa.

Alisoma. "Hii ni ya ofisi ya chifu," alisema, akaketi kwa kishindo.

Nikaibadilisha. Kesho yake ilisema: Habari ya asubuhi, Madam.

Safari hii hakuketi. Aliweka mkoba juu ya meza akanigeukia. Mzee alikuwa bado hajafika.

"Rudisha ile," alisema.

"Ile gani?" niliuliza, na niliijua kama ninavyojua jina langu.

"Unaijua. Ulikuwa unaisoma kila siku ukiwa umenuna."

"Siwezi kuandika maneno ya mtu mwingine."

"Umeweka vitu vyake vyote humo ndani. Maneno matano ndiyo yamekushinda?"

"Unampenda?" nilimuuliza. Lilinitoka tu, pale, katikati ya maboya.

"Nani?"

"Fundi."

Alichomoa penseli nyweleni, jambo lililonishangaza, maana kwa kawaida hakukumbuka iko wapi.

"Fundi alikuwa mtu mzuri," alisema.

Basi. Hakusema ndiyo na hakusema la. Sentensi ile imeishi nami tangu siku hiyo. Nimeigeuza kila upande. Nimemuuliza tena baadaye, nikijifanya ninatania, na sijawahi kupata zaidi ya maneno yale yale.

"Lakini wewe," aliendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "wewe umetoka Seme hapa tu. Tunakaa Nyalenda, tunapanga foleni moja ya maji, ndoo yako nyuma ya ndoo yangu. Siku hata moja haujaniita kwa jina la kwetu. Madam, Madam! Mimi mwalimu wako? Yule mama wa omena ananiita nyar Nyakach, na hanijui. Wewe unanijua."

"Siwezi kukuita jina alilolianza yeye."

"Alilolianza yeye?" Alicheka, cheko fupi la hasira. "Lilianzwa na mama kunizalia Nyakach! Hilo jina ni langu, Bwana. Si la Fundi, na si lako la kunyima mtu."

Aliketi akafungua orodha. Siku nzima aliniambia namba za rafu tu.

Kesho yake niliwahi kufika. Niliandika maneno ya Fundi herufi kwa herufi, nikayaweka baada ya jedwali, na mwishoni niliongeza alama ya mshangao, angalau kuwe na kitu changu. Nilisimama kwenye rafu za nyavu nikijifanya ninahesabu. Aliingia, akaiwasha, akangoja na mkoba begani. *Oyawore, nyar Nyakach. Bed piny!* Akatabasamu, tabasamu lile lile. Halafu akaita bila kugeuka:

"Ni vizuri. Lakini mwishoni inanipigia kelele. Toa hiyo."

Nikaitoa. Yakabaki ya Fundi matupu. Nilikuwa nimeyaandika kwa vidole vyangu, ndani ya kompyuta niliyoiandaa mimi, na bado alipotabasamu sikujua anamtabasamia nani. Nilimwonea wivu yule bwana wa Nairobi asubuhi hiyo kuliko siku nyingine zote. Yeye hakuwa hata na haja ya kuwapo.

Alipopiga simu tena, Mzee alimsifia kazi yangu, na Fundi akaomba kuzungumza nami. Nilishika simu.

"Nimesikia umenihamisha," alisema. "Jedwali umeliweka wapi?"

"Juu kabisa."

"Vizuri. Ile programu nilikuwa mvivu, haisomi mpaka. Pole kama ilikusumbua. Na salamu umeziacha?"

"Nimeziacha."

"Basi sawa. Asante, ndugu yangu."

Sauti yake ilikuwa ya upole na isiyo na majivuno, jambo lililoniudhi zaidi. Nilitaka awe mtu wa kuchukiza. Nilimpitishia simu mtunza stoo, na nikaenda stoo nisisikie kicheko. Nilikisikia hata kule.

Jioni hiyo nilimkuta mferejini Nyalenda. Foleni ilikuwa ndefu, na ndoo yangu ikaangukia nyuma ya yake kama kawaida. Nilisema kuna kitu nataka kumwambia.

"Niite kwanza," alisema.

Akina mama wawili waligeuka kutusikiliza, wala hawakujificha. "Nyar Nyakach," nilisema, na sauti ilitoka kavu, bila uhai, ile ile ya kioo cha kijani kama kioo kingekuwa na sauti.

"Eeh," aliitika. "Sasa sema."

Nikasema. Aliniambia atanijibu Jumapili baada ya kanisa, akajitwika ndoo, akaenda. Jumapili alikubali. Alikubali kwa maneno ya wazi na hakuona haya, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Lakini nikiwa ninarudi chumbani peke yangu, wivu ulikuwa umeshatangulia, umenikalia kitandani. Amenikubali mimi, au amekubali ile salamu?

Nilimpeleka nyumbani Seme, sasa akiwa mke wangu, mvua za kwanza zilipoanza. Usiku tulilala katika nyumba yangu ya ujana karibu na lango, na kulipokucha tulivuka uwanja kwenda kwa mama, nyumba ile iliyo mkabala. Nilikuwa nimelala vizuri. Nilijiambia kwamba hapa ni kwetu, tumeacha duka Kisumu, tumeacha mashine na simu za Nairobi, hapa hakuna mtu aliyewahi kusikia habari za Fundi. Mke wangu aliinama mlangoni, akaingia, akasimama kando ya jiko na leso yake mpya, hajui akae wapi.

Mama aliinua uso kutoka kwenye moto, akavuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Oyawore, nyar Nyakach," alisema. "Bed piny."

Mke wangu alijiziba mdomo kwa leso. Mabega yalimtikisika. Alinitazama juu ya ile leso, macho yakiwa yamejaa machozi ya kicheko, na akaketi. Mama aliuliza kuna nini. Nilisema hakuna kitu, nikatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe hatukuwa nao.